Bwana harusi mwenye ukungu: kisa cha negativu zilizokataa kulala

Picha ya kwanza niliyoitoa kwenye skana ilikuwa ya harusi. Watu kama ishirini wamepangwa mbele ya nyumba ya makuti. Waalikwa wa pembeni walionekana mpaka vifungo vya kanzu, lakini bwana harusi na bibi harusi, waliokaa katikati kabisa, walikuwa kama wamefunikwa na chandarua.

"Babu yako siku hiyo mkono ulimtetemeka," akasema Shangazi, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kidogo nikubali. Mpiga picha akitikisika, picha huharibika, na aliyepiga alishafariki zamani, hawezi kujitetea. Ila kulikuwa na jambo moja lililonizuia. Ukungu ule ulikuwa utepe uliosimama wima katikati ya picha, kuanzia paa mpaka ardhini. Mkono ukitetemeka hutikisa picha nzima, hauchagui maharusi peke yao.

Mimi ninafanya kazi kwenye stesheneri hapa Tanga: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti. Kuskani filamu si kazi ya kila siku. Tunayo skana ya Epson Perfection V600, ile bapa yenye taa kwenye kifuniko, ambayo inaweza kusoma karatasi na negativu pia, yaani filamu iliyosafishwa ambayo weupe wake huonekana mweusi na weusi wake mweupe. Shangazi alikuja na kopo la biskuti lenye roli saba za filamu ya 120, ile pana ya karibu sentimita sita, nyeusi na nyeupe, alizopiga baba yake kwa kamera ya Yashica-Mat. Baadhi zilikuwa na maandishi ya Ilford FP4 ukingoni, aina ya filamu iliyotoka 1968, kwa hiyo hazikuweza kuwa za kabla ya mwaka huo. Hakuna hata moja iliyokuwa imekatwa vipande. Zilisafishwa, zikakaushwa, zikaviringwa kila moja kwa kipenyo cha kidole gumba, zikafungwa kwa raba bendi, zikakaa hivyo zaidi ya miaka hamsini. (Raba bendi ni adui wa filamu, kwa kuwa mpira huwa na salfa inayoshambulia fedha iliyomo kwenye picha. Raba bendi zote nilizikata kwa mkasi kabla ya kufanya jambo lingine.)

Kabla ya kumlaumu babu ilibidi kujua kosa liko wapi: kwenye negativu au kwenye skana. Kwa filamu nyeusi na nyeupe kipimo ni rahisi. Kuza picha mpaka uone punje zake, zile chenga ndogo za fedha zinazounda taswira. Kama punje ni kali lakini uso una ukungu, basi kamera ndiyo ilikosea. Kama punje zenyewe zimeyeyuka, skana haikuiona filamu vizuri, na picha yenyewe bado haijahukumiwa. Kwenye nyuso za waalikwa wa pembeni punje zilikuwa kali kama mchanga. Kwenye uso wa bwana harusi hapakuwa na punje kabisa. Nikaenda kwa jirani yangu fundi saa, nikaazima lenzi yake ya jichoni, nikaitazama negativu dhidi ya dirisha. Bwana harusi alikuwa safi. Alikuwa hata na kovu dogo kwenye nyusi.

Basi babu akawa huru. Ikabaki kesi ya skana na filamu.

Skana ya namna hii haina fokasi inayojirekebisha yenyewe. Lenzi yake imewekwa kiwandani itazame umbali mmoja juu ya kioo, na filamu inatakiwa ilale kwenye umbali huo, ikikosea basi ikosee kwa sehemu ndogo ya milimita. Trei ya plastiki inayokuja na mashine ndiyo yenye kazi ya kuiinua filamu mpaka pale. Shida ni kwamba trei ile inaishika filamu kwenye kingo zake mbili ndefu tu. Katikati, kwenye upana wa karibu sentimita sita, hakuna kinachoishika. Msingi wa plastiki wa filamu ya 120 ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa unene, sawa na karatasi ya kopi. Ukiacha karatasi ya kopi ikining'inia kwa kingo zake, itafanya inavyotaka.

Filamu za Shangazi zilitaka mambo mawili kwa wakati mmoja, na nilipoteza siku nzima kwa kuyachanganya. La kwanza ni kujiviringa kwa urefu, kama mkeka uliokaa juu ya kabati mwaka mzima: ukiutandika, ncha zinarudi. Hili linatokana na namna filamu ilivyohifadhiwa. La pili ni kubonyea kwa upana, kama mfereji wa bati unaopokea maji ya mvua, na hili linatoka ndani ya filamu yenyewe. Upande mmoja wa filamu umepakwa jelatini yenye chumvi za fedha, ule upande wa dawa usiong'aa sana. Jelatini hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, ikikauka hunywea. Msingi wa plastiki haufanyi hivyo kwa kiasi kile. Kwa hiyo hewa ikiwa kavu, upande wa dawa huvuta kingo kuelekea kwake na filamu inakuwa mfereji. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana filamu nyingi za roli hupakwa jelatini tupu nyuma ili pande mbili zivutane sawa. Baada ya nusu karne ndani ya kopo, mizani hiyo haipo tena.

Sasa utepe wa ukungu ukaeleweka. Kwenye Yashica-Mat filamu husafiri kwa wima, kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo upana wa filamu ndio upana wa picha. Kingo za kushoto na kulia zilikuwa zimeshikwa na trei kwenye kimo chake, waalikwa wakapona. Katikati ilibonyea kuelekea kioo, maharusi wakazama. Nilikuwa nimefuata maelekezo ya mashine, upande wa kung'aa chini na upande wa dawa juu, na kwa filamu iliyonyooka ni maelekezo sahihi. Kwa filamu iliyo mfereji, yanamweka bwana harusi shimoni.

Shangazi alipendekeza pasi. Nilimwambia hapana kwa upole, kisha kwa ukali kidogo aliposema "ya moto mdogo tu, mwanangu." Jelatini ikipata joto pamoja na unyevu inalainika, hata kuyeyuka, na kilichoyeyuka hakirudi.

Tulikubaliana kwenye uzito na muda. Nilikata kila roli, isipokuwa ya saba nitakayoieleza mwishoni, vipande vinne vya picha tatu tatu, maana Yashica-Mat inatoa picha 12 za mraba kwa roli moja. Kila kipande nikakiingiza kwenye kifuko chake, nikavipanga kati ya karatasi safi, juu yake vitabu vizito. (Si misahafu, Shangazi alisimamia hilo mwenyewe.) Vilikaa nyumbani kwake Chumbageni siku nne. Nimesikia wanaoviringa filamu kinyume, upande wa dawa nje, kama tunavyofanya kwa mkeka. Inafanya kazi, lakini upande wa dawa unasuguana na chochote kilicho karibu, na mkwaruzo mmoja ukipita kwenye uso wa mtu hautoki tena.

Siku ya tano vipande vilikuwa vimelala kama karata. Nikavipeleka ofisini nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Nikaweka cha kwanza kwenye trei, simu ikalia, nikazungumza na mteja, nikatoa kopi za watu wawili. Niliporudi, kama dakika ishirini baadaye, kipande kilikuwa mfereji tena.

Nilidhani ni joto la taa. Lakini V600 ina taa za LED, na kioo chake kilikuwa baridi nilipokigusa. Skana za zamani zenye taa za mirija ndizo zinazopasha. Nikadhani trei ndiyo inayokunja. Nikaweka kipande kingine mezani tu, bila trei. Nacho kikajikunja pale pale mezani, polepole, kama jani linalokauka. Nilikitazama mpaka mwisho.

Mezani pangu, juu ya kichwa changu, kuna kiyoyozi.

Mashine za kopi hazipendi unyevu, kwa hiyo kiyoyozi chetu huwashwa kuanzia asubuhi. Kinapoza, na kinapopoza kinaondoa maji kwenye hewa. Bomba lake linadondosha ndoo nzima kwa siku na sisi tunadekia. Yale maji ndiyo ambayo jelatini ilikuwa imeyanywa nyumbani kwa Shangazi, kwenye hewa nzito ya pwani. Nilikuwa nimeinyoosha filamu kwenye hewa moja na kuitaka ibaki imenyooka kwenye hewa nyingine. Nilijaribu kwa vipande viwili vya roli ile ile: kimoja nikakiacha chini ya kiyoyozi, kingine ukumbini nje ya mlango, penye upepo wa bahari. Cha ndani kilijikunja, cha nje kilikaa. Nikavibadilisha mahali. Cha ndani kipya kikajikunja, na kile kilichohamia nje kikaanza kulegea kabla ya adhuhuri.

Hapa msomaji wa Dodoma au Nairobi asinakili tu. Kwake hewa ya kawaida inaweza kuwa kavu kuliko ofisi yangu, na shida itakuwa hiyo hiyo hata bila kiyoyozi. Na sisi wa pwani tusishangilie unyevu wetu kupita kiasi, kwani ndio unaolea kuvu kwenye filamu na kuifanya jelatini inate. Kwa kuhifadhi, filamu inataka pakavu kuliko ukumbini kwetu. Ukavu wa ghafla, saa ile ya kuskani, ndio uliokuwa unaniharibia.

Kuzima kiyoyozi kulipunguza mfereji. Hakukuumaliza. Bado katikati ilikuwa chini, kwa jicho, karibu milimita moja. Nikafanya ambalo kila mtu hulifikiria: kuweka kioo juu. Nikachomoa kioo cha fremu ndogo ya picha, nikakilaza juu ya filamu, nikaskani. Filamu ilijibana kati ya kioo hicho na kioo cha skana, na kwenye anga ya picha zikatokea duara ndani ya duara, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Ndizo pete za Newton. Robert Hooke alikwisha kuzieleza mwaka 1665, lakini jina likabaki kwa Newton. Hutokea pale nyuso mbili laini zinapokaribiana kiasi kwamba hewa iliyo kati yake ni nyembamba kama urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga unaoakisiwa na uso wa kwanza hukutana na ule wa uso wa pili, mahali fulani vinaongezana, mahali pengine vinafutana. Programu ya picha haiwezi kuzifuta bila kuchora upya anga nzima.

Ni nyuso laini ndizo zinazozaa pete. Upande wa dawa wa filamu si laini hivyo, una mkwaruzo mdogo usioonekana kwa jicho, kwa hiyo ukigusa kioo mara nyingi hauleti pete. Upande wa kung'aa ndio mkosaji. Na mimi nilikuwa nimeuelekeza chini, kwenye kioo cha skana, halafu nikaukandamiza.

Nikageuza filamu: upande wa dawa chini, wa kung'aa juu. Picha hutoka kushoto kulia kama kwenye kioo cha kujitazama, lakini hilo ni kubonyeza kitufe kimoja kwenye programu. Kubwa zaidi, mfereji ukawa daraja. Katikati sasa iliinuka badala ya kuzama. Nikaskani bila kioo chochote, nikapata picha iliyokuwa nzuri kuliko zote za awali. Bwana harusi alikuwa na macho.

Kwa nini, ilhali filamu ilikuwa imepinda vile vile? Ilibidi nijue lenzi inatazama wapi hasa. Nilichukua rula ya plastiki ya sentimita 15 ya wanafunzi, ile inayopitisha mwanga, nikaiweka kwenye skana mistari ikitazama chini, ncha ya sifuri imegusa kioo na ncha ya 15 imeinuliwa na kadi tano za benki. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ni kipimo cha dunia nzima, kwa hiyo tano ni milimita 3.8. Nikaskani rula ikiwa imeinama hivyo na kutafuta mistari iliyo mikali kuliko yote. Ilikuwa kwenye 10. Theluthi mbili za 3.8 ni kama 2.5. Basi skana yangu, hii niliyo nayo mimi, inaona vizuri kwenye milimita mbili na nusu juu ya kioo. Ya kwako, hata ikiwa na jina lile lile, inaweza kutofautiana.

Kisha nikaweka kwenye trei kipande cha filamu mpya iliyonyooka, nikainua trei kwa vipande vya karatasi ya kopi, ambayo ni kama milimita 0.1 kila moja. Bila karatasi, mbili, nne, sita. Nne ilishinda. Maana yake trei yenyewe inaweka filamu kwenye milimita 2.1.

Sasa hesabu za kisa zikakaa. Filamu ikiwa mfereji, kingo ziko 2.1 na katikati iko 1.1: pembeni tumekosea kwa 0.4, jambo linalovumilika, katikati kwa 1.4, jambo lisilovumilika. Filamu ikiwa daraja, kingo ziko 2.1 na katikati 3.1: pembeni tumekosea kwa 0.4, katikati kwa 0.6. Mpindo ni ule ule, lakini mahali pa lenzi pameangukia katikati ya mpindo badala ya kuwa nje yake. Muda wote nilikuwa nauliza namna ya kuinyoosha filamu, na kumbe robo tatu ya dawa ilikuwa kuigeuza.

Nikiwa nimelewa na ugunduzi wangu nikaongeza zile karatasi nne, nikitegemea ukamilifu. Picha ikaharibika. Ungetarajia nilione mapema: nikiinua trei kwa 0.4, katikati ya daraja inapanda mpaka 3.5. Karatasi ni dawa ya filamu iliyonyooka. Kwa filamu iliyopinda zilikuwa sumu. Tena nilizibandika vibaya, moja ikaziba lile tundu jembamba kichwani mwa trei ambalo skana hulitumia kujipima mwanga kabla ya kuanza, na picha ikatoka na michirizi mirefu kutoka juu mpaka chini. Nilikaribia kumwita fundi wa mashine kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Kilichomaliza kazi kilikuwa stoo kwa Shangazi. Babu alikuwa na mashine ya kukuzia picha, kutu tupu, lenzi imeota kuvu. Lakini kishikio chake cha negativu kilikuwa cha vioo viwili, na kioo cha juu, ukikigeuza kwenye mwanga, kilikuwa na ukungu mwepesi sana upande mmoja. Ni kioo kilichotengenezwa kwa ajili ya pete zile zile. Uso wake umekwaruzwa kidogo kiwandani ili usigusane na filamu kwa ulaini. Mafundi wa chumba cha giza walikuwa na tatizo letu miaka mingi kabla ya skana. Fundi vioo alinikatia kipande cha upana wa sentimita sita, akiipitisha almasi upande ulio laini. Nikakilaza juu ya daraja, upande wenye ukungu ukigusa upande wa kung'aa wa filamu. Daraja likashuka likalala sawa na kingo. Hapo sasa zile karatasi nne zikapata kazi yake.

Mtu asiye na babu mwenye stoo anaweza kujaribu kioo cha fremu kisichoakisi, kinachouzwa na watengeneza fremu. Nilikijaribu pia. Pete hazikutokea, lakini kwenye anga nyeupe nikaona madoadoa ya kioo chenyewe, maana ukungu wake ni mkubwa. Kwa picha ya watu mbele ya miti hutayaona. Kwa picha ya bahari utayaona. Na kila kioo unachoongeza kinaleta nyuso mbili zaidi za vumbi. Ule usafishaji wa vumbi wa mashine unaotumia mwanga wa infraredi haufai kwa filamu nyeusi na nyeupe ya fedha, kwa sababu fedha huzuia mwanga huo kama vumbi lenyewe linavyouzuia. Ni brashi laini, pumzi ya pampu na uvumilivu.

Niliskani kwa nukta 2,400 kwa inchi. Namba 6,400 iliyoandikwa kwenye boksi sikuihitaji. Picha ya milimita 56 kwa 56 inatoa zaidi ya nukta 5,200 kila upande, milioni 28 jumla, na skana ya aina hii haina undani wa kujaza zaidi ya hapo.

Roli sita zilitoka vizuri. Ya saba nilipoifungua ilinuka siki. Hiyo ndiyo asetati, plastiki ya msingi wa filamu, inayooza: msingi unatoa asidi, asidi inaharakisha kuoza, na msingi unanywea huku jelatini ikibaki na ukubwa wake, ikajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Hapo kioo hakisaidii. Ukiikandamiza itapasuka. Nilivitenga vipande vyake na vingine siku ile ile, kwa kuwa mvuke wake unaweza kuanzisha kuoza kwa jirani. Nikaskani kila kimoja mara mbili bila kukigandamiza, trei ikiwa chini na ikiwa imeinuliwa kwa karatasi sita, kisha kwenye kompyuta nikachukua sehemu kali za kila upande. Zimetoka picha tano kati ya kumi na mbili. Vipande vyenyewe viko kwenye jokofu la Shangazi, ndani ya mifuko miwili iliyofungwa, chini ya samaki.

Nilimpelekea picha ya harusi imechapwa kwa ukubwa wa A4. Hakumtazama bwana harusi wala kovu lake. Aliweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, kwa mwalikwa ambaye tangu mwanzo hakuwa na ukungu wowote, akaniuliza kama ninaweza kumkuza yule.

Roli nyingine tatu zimeshaletwa na jirani yake. Mwenzangu wa ofisini hataki kusikia habari ya kuzima kiyoyozi, kwa hiyo naskani saa moja asubuhi, kabla hajafika.